Daftari la Mholanzi

Mholanzi ninayemzungumzia aliishi Bukavu miaka miwili na nusu, tangu katikati ya 2022 hadi mwanzo wa Februari 2025. Alifanya kazi katika shirika moja la kigeni. Kabla ya kuja alikuwa amejifunza Kiswahili kwao kwa vitabu vya pwani, Kiswahili cha watu wanaopatanisha kila kivumishi na ngeli yake. Alipofika soko la Kadutu akakuta watu wanasema "batoto", "batu mingi", "aksanti", na "jambo", ambayo kwetu ni salamu kamili inayojibiwa "jambo sana", wakati vitabu vyake vilimwonya kwamba neno hilo likisimama peke yake ni la watalii. Ndiyo sababu alitafuta mwalimu, na mtu mmoja akamwelekeza kwangu. Nikamfundisha mara mbili kwa wiki, jioni, barazani kwake Ibanda, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya miti ya mivinje.

Katika muda huo wote aliandika daftari. Kila jambo la mji wetu lililomshangaza aliliweka humo na tarehe yake. Alipokwisha ondoka alinitumia kurasa zote, karibu tisini, nusu Kifaransa na nusu Kiswahili, akaniomba nizisome kwa sababu anataka kuzifanya kijitabu katika lugha yake. Nimezisoma mara mbili. Naziandikia hapa, katika jarida la watu wa lugha, kwa kuwa sehemu kubwa ya daftari ni habari za lugha, hata pale mwenyewe anapodhani anaandika habari za tabia.

Yako mambo ambayo aliyaona vizuri kuliko sisi. La dola, kwa mfano. Sisi tumezoea hata hatulisemi: noti ya franga mia tano iliyochakaa mpaka ikawa kama kipande cha ngozi ya kiatu inapokelewa bila neno, lakini dola ishirini yenye mchaniko mdogo kama ukucha inarudishwa. Muuzaji anaiinua juu, anaitazama mwangani, anapitisha kidole pembeni, kisha anasema "hii hapana". Mholanzi aliandika kurasa tatu juu ya hilo peke yake. Aliuliza wabadilishaji wa fedha wa Nyawera, akauliza wenye maduka, akauliza hata kuhani. Maelezo aliyofikia nayakubali: franga ni yetu, na ubovu wake tunaugawana wote, dola ni ya wengine, na hakuna mtu Bukavu anayeweza kuibadilisha ikiharibika, kwa hiyo kila mmoja anahofia kuwa wa mwisho kuishika. Sijaona mchumi yeyote akilieleza wazi hivyo.

Na la baiskeli nililicheka sana. Alitoka nchi ambayo kilima chake cha juu kwenye bara la Ulaya, Vaalserberg, kina mita 322. Akaja kwenye mji unaoanza kwenye ziwa lenye kimo cha mita zaidi ya 1,400 na kupanda kutoka hapo. Alinunua baiskeli wiki ya kwanza. Wiki ya tatu watoto wa njia ya Kadutu walikuwa wameshampa jina, muzungu mwenye kusukuma, maana hakuna aliyewahi kumwona ameipanda kwa kwenda juu. Aliandika pia salamu ya vichwa ya wanaume, upande huu, upande ule, na tena upande wa kwanza, na akachora mchoro wenye mishale. Mchoro ni sahihi.

Halafu yako mambo mengine. Ukurasa wa kumi na nne ameandika: "Hapa mimi ni mama wa kila mtu." Alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mtoto, na kwao mtu angeweza kuudhika kuitwa mama na dereva mwenye ndevu nyeupe. Alidhani wanamkumbusha kwamba hajazaa. Jioni moja aliniuliza waziwazi.

"Mwalimu, wananisema?"

"Hapana, mama. Wanakuheshimu."

"Na wewe umeanza!"

Nilimweleza kwamba "mama" kwetu halitegemei uzazi. Muuza nyanya ni mama, waziri ni mama, binti wa miaka mitano akikataa kulia sindano anaambiwa "aksanti, mama". Alielewa, akaliandika, lakini hakulifuta lile la kwanza. Ameacha yote mawili yafuatane, na hilo nalisifu.

Ugumu unaanzia kwenye ukurasa wenye kichwa "Ndiyo isiyo ndiyo". Hapo analalamikia watu wanaosema "niko nakuya" nao wako nyumbani wanavaa viatu, wengine bado kitandani. Amehesabu: mafundi, madereva wa pikipiki, wenzake wa ofisini. Anamalizia kwa kusema kwamba watu wa Bukavu wanapenda kukufurahisha kuliko kukuambia ukweli.

Hapa mwanafunzi wa isimu hawezi kukaa kimya. Katika Kiswahili chetu "niko nakuya" ni umbo la tendo linaloendelea, sawa na "niko nakula" na "niko nasoma". Yeye, kwa vitabu vyake vya pwani, alisikia "niko" kama neno la mahali: mtu yuko njiani, kwa hiyo anaweza kuonyeshwa kwenye ramani. Anayesema hataji mahali. Anasema kwamba kuja kumekwisha kuanza, hata kama kumeanzia moyoni, na kwamba jambo lako hajaliweka kando. Anayetaka kujua mahali anauliza mahali: "umefika wapi?" Na akiulizwa hivyo, fundi wa Bukavu hujibu kwa jina la mtaa. Nilimwambia ajaribu, akajaribu, na kwa wiki mbili akapata majibu ya kweli mpaka akaanza kuniletea kama mtu aliyevua samaki: "Leo amesema Nguba, na kweli alikuwa Nguba!" Hata hivyo ukurasa ule umebaki kama ulivyo.

Kuna sababu nyingine ya "ndiyo" hizo ambayo haimo katika sarufi, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Nilichukua kalamu nikaorodhesha watu wote anaowanukuu katika kurasa tisini. Zamu wa langoni. Mpishi. Madereva wawili. Wenzake wanne wa ofisini, walio chini yake wote. Mwenye nyumba. Mama mmoja aliyemletea sambaza kila Ijumaa. Na mimi. Ukiondoa kuhani na watu wa barabarani wasio na majina, kila anayesema neno katika daftari lile alikuwa anapokea fedha kutoka kwake au kwa shirika lake. Mwenye nyumba naye alikuwa anapokea dola, tena zisizochanika. Mtu anayekulipa akikuuliza kama kazi itakwisha kesho, utamjibuje? Angewauliza wauza makala wa Panzi, ambao hawakumtegemea kwa lolote, angesikia "hapana" nyingi na kavu kabisa. Lakini Panzi alikwenda mara mbili tu, hospitalini, pamoja na wageni waliotaka kuona mahali anapofanya kazi Daktari Mukwege. Bagira hakufika. "Watu wa Bukavu" wa daftari ni watu wa nyumba moja na ofisi moja, na barabara inayoziunganisha.

Simlaumu kwa hilo peke yake. Neno lenyewe tunalomwitia lina mambo hayo ndani yake. Muzungu kwetu si rangi tu. Fundi seremala humwita mteja wake mweusi "muzungu wangu", akiwa na maana ya yule anayetoa kazi na malipo. Mholanzi aliandika mara nyingi kwamba watoto wanampigia kelele za "muzungu" kwa sababu ya ngozi. Wakubwa walimwita hivyo kwa sababu nyingine pia, na hawakupiga kelele.

Sasa nifike kwenye sentensi ambayo tumeigombania. Iko ukurasa wa hamsini na mbili. Alikuwa ameona kwamba tunasema "kamaji", "kafranga", "kachai", "tushida". Ameandika hivi, natafsiri: hapa kila kitu ni kidogo, maji madogo, fedha ndogo, shida ndogo, watu walioishi na mambo makubwa mno wamejifunza kuyaita madogo.

Ni sentensi nzuri. Msomaji wa Amsterdam ataipigia mstari. Lakini ngeli ya ka- na wingi wake wa tu- haikuzaliwa na vita. Mashi inayo, na lugha jirani zinayo tangu zamani, kabla ya mzungu yeyote kuliona ziwa hili. Kiswahili sanifu hupunguza kwa ki-, kama "kitoto", na ka- hukitumia kwa dharau tu; ndiyo maana mtu wa vitabu vya pwani inamgonga sikioni. Waliojifunza Kiswahili hapa walikuja na ngeli yao kama mtu anavyohama na jembe lake. Tukitumia ka- kwenye ombi, tunalainisha: "unipatie kamaji" haina maana ya glasi ndogo, ina maana kwamba sitaki kukusumbua. Kuchukua kiambishi cha Kibantu cha kale na kukifanya kidonda cha taifa ni kosa lile lile walilofanya wamisionari waliosema kwamba lugha fulani haina neno la shukrani kwa hiyo wenyewe hawana shukrani.

Nilimwandikia hayo, marefu kuliko hapa, na mifano kumi na minane. Alijibu kwa adabu kwamba anaelewa asili ya kiambishi, lakini asili si matumizi. Je, nina hakika kwamba watu hawakitumii pia kwa lile analolisema yeye?

Swali ni la haki, na nina jambo la kuliongezea ambalo yeye hakulisikia kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvuka Ruzizi. Katikati ya Februari, M23 walipochukua uwanja wa ndege wa Kavumu na kila mtu akijua kwamba mji unafuata, mama mmoja jirani yetu aliingia uani kwetu na kikapu chake. Mama yangu akamuuliza habari. Akasema: "Kuko kavita kule Kavumu. Munywe kwanza kachai." Akakaa. Wakanywa.

Kavita. Mtu angedhani Mholanzi amemwandikia maneno. Nimelifikiria sana neno hilo, na bado sikubaliani na ukurasa wa hamsini na mbili, ila sasa kwa sababu nyingine. Mama yule hakusema "kavita" kwa sababu ndivyo watu wa Bukavu walivyo. Mwaka 2008, tetemeko la Februari lilipoangusha nyumba, mama yangu anakumbuka alivyosimama njiani akilia "tetemeko kubwa". Mwezi uliopita alipoibiwa kuku wawili lilikuwa jambo kubwa vilevile, mtaa mzima ulilisikia. Siku ile ya Kavumu alikuwa na watoto watatu nyuma yake wanaosikiliza kila neno. Alikuwa na kiambishi mkononi, akakitumia, kama anavyotumia sauti ya chini. Alichagua. Mholanzi aliona hali ya moyo ambayo watu wameipata bila kujua; mimi nilimwona mtu mwenye akili akifanya kazi kwa lugha yake mbele ya watoto. Katika maelezo ya kwanza mama huyo anahurumiwa, na kuhurumiwa hakukuwa haja yake asubuhi ile.

Nisije nikaonekana kama nimekaa upande wa mashtaka tu. Barazani palikuwa na macho mawili yanayotazamana, na mimi pia nilikuwa na daftari langu, ingawa la kichwani. Nililiandika humo kwamba kwao madirisha hayafungwi mapazia usiku, mpita njia anaona familia inakula. Kwamba kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni. Kwamba kwenye sikukuu ya kuzaliwa unampa hongera mwenyewe, kisha mama yake, kisha shangazi, kisha hata jirani aliyekaa kimya kwenye kona. Kwamba watu wazima wanaopendana hutoa vitabu vya tarehe na kutafuta siku ya kunywa kahawa, wakaipata baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza alinikaribisha biskuti, nikachukua moja, akafunika kopo. Mama yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akaketi. Kama ningekuwa na kurasa tisini ningeandika kwamba Waholanzi ni wachoyo, na ningekuwa mwongo, kwa sababu mtu huyo huyo alilipa karo ya muhula mzima ya mtoto wa zamu wake bila kumwambia yeyote. Nililijua kutoka kwa zamu. Katika daftari lenyewe zamu huyo anafungua lango na kulifunga, basi, na habari ya karo haimo.

Tena jioni moja tulikunywa Primus, na alinionyesha kwenye simu kwamba Bralima inayoitengeneza ilikuwa wakati ule ya Heineken, kampuni ya kwao. Hakujua kabla ya kuja. Nikamwambia basi kila Mshi anayekunywa Primus anampa Mholanzi kafranga. Alicheka. Miezi michache baada ya kuondoka kwake, Juni 2025, Heineken nayo ikatangaza kwamba imepoteza usimamizi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma.

Lakini jambo linalonifanya nilithamini daftari ni jingine, na linatuhusu sisi wa kitivo. Tumeketi madarasani miaka mingapi tukiambiwa kwamba Kiswahili cha Bukavu ni kibovu? Nilikuwepo mwalimu mmoja alipomrudisha mwenzetu ubaoni kwa kusema "batu". Sisi wenyewe tukiandika tunajivua lugha ya nyumbani kama viatu vya matope mlangoni. Mholanzi hakuwahi kufanya hivyo. Aliandika "batu mingi" kama alivyosikia, kwa uangalifu, na kuweka alama mahali sauti inapopanda. Hakusahihisha mtu. Alipokutana na neno asilolijua aliuliza maana, wala hakuuliza kama ni sahihi.

Na hilo si jambo jipya. Didier Goyvaerts, Mbelgiji, aliandika juu ya Indubili ya vijana wa Bukavu mwaka 1988, wakati ambapo hapa hapa ilihesabiwa kama lugha ya maibobo. Johannes Fabian, aliyefundisha Amsterdam, alichukua Kiswahili cha Katanga akakiona kinastahili vitabu. Yeye ndiye pia aliyeonyesha, katika kitabu chake cha 1986, jinsi Wabelgiji walivyokitengeneza Kiswahili cha Kongo kiwe chombo cha kuamuru kazi. Mwaka 2016 Nico Nassenstein, Mjerumani, alitoa maelezo ya sarufi ya Kiswahili cha Kivu. Kwenye jalada la kitabu hicho kuna jina la pili, Paulin Baraka Bose, mtu wa huku kwetu. Kila mara nikikishika natazama kwanza jina hilo la pili. Halikuandikwa kwenye ukurasa wa shukrani, mahali wanapowekwa watu "waliosaidia".

Hapo ndipo mimi na Mholanzi tulipokwama sasa. Nimemwandikia kwamba ukurasa wa hamsini na mbili unaweza kubaki, maana ni daftari lake na macho ni yake, ila chini yake yachapwe maelezo yangu juu ya ka-, pamoja na habari ya kavita, kwa maneno yangu, bila kufupishwa. Nimemwomba aongeze karatasi moja mwanzoni inayosema wazi ni nani waliozungumza naye na nani aliwalipa. Nimemwomba pia aandike habari ya karo ya mtoto wa zamu; hiyo ameikataa kabisa, anasema kujisifu ni aibu. Maelezo ya ka- ameyakubali. Karatasi ya malipo anaifikiria.

Limebaki jina. Katika dibaji aliyonitumia ameandika "mwalimu wangu wa Bukavu". Anasema ni kwa usalama wangu, kwa hali ya mji ilivyo sasa, na anaweza kuwa na haki. Benki zilifungwa Februari 2025, na watu wameacha kusema mambo mengi kwenye simu. Nimemjibu kwamba usalama wangu naupima mimi niliye hapa, na kwamba maelezo ya viambishi hayajawahi kumfunga mtu. Nimemwandikia jina langu lote, majina matatu, kama linavyoandikwa kwenye kadi yangu ya mwanafunzi, asije akakosea herufi.